Kundi Kubwa Si Kufuli Gumu

Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilimtumia mama shilingi 150,000 kwa simu, kutoka Kampala kwenda Busia. Namba yake naijua kwa moyo. Lakini jioni hiyo nilikuwa Wandegeya, rolex ya chapati na mayai mkono huu, simu mkono ule, nikageuza tarakimu mbili zilizofuatana. Jina la mpokeaji likatokea, nami nikaweka namba ya siri bila kulisoma. Pesa ikamwendea mtu nisiyemjua, na tangu siku hiyo simu yake haijawahi kupokelewa. Mama aliponipigia alicheka kwanza, kisha akauliza: "Sasa baba, hesabu zote hizo unazosoma huko, hujafika kwenye kuhesabu mpaka kumi?"

Kwa aibu ile nilipata mada ya utafiti, na kwa vijana wanaoniuliza waanzie wapi katika nadharia ya makundi na misimbo, jibu langu bado linatoka pale pale.

Namba ya simu haina tarakimu ya ukaguzi, ile ya ziada inayofichua kosa. Ukikosea, umepata namba ya mtu mwingine, basi. Sasa bonyeza *#06# kwenye simu yako: utaona IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15, na ile ya mwisho imekokotolewa kutokana na 14 zilizotangulia, kwa njia ya Hans Peter Luhn wa IBM aliyepata hataza yake mwaka 1960. Unazidisha kwa mbili tarakimu moja, unaruka moja, kisha unajumlisha zote, na jumla lazima igawanyike kwa kumi. Jibu la kuzidisha likizidi tisa, unajumlisha tarakimu zake zenyewe. Ukikosea tarakimu moja, jumla inakataa. Ukigeuza mbili jirani, inakataa pia, isipokuwa 09 na 90. Jaribu: 9 mara mbili ni 18, na 1 na 8 ni 9. Sifuri mara mbili ni sifuri. Kila upande unapata tisa, na kosa linapita huku unalitazama.

Nilikaa wiki nzima nikitafuta njia ya kuziba tundu hilo kwa kujumlisha kwa mabaki ya kumi (unagawa jumla kwa kumi, unatazama kinachobaki), kila mahali pa tarakimu pakiwa na kanuni yake. Haizibiki, na jambo hilo lina uthibitisho. ISBN ya zamani, namba ya utambulisho wa vitabu, ilikwepa kwa kutumia mabaki ya 11, ndiyo maana vitabu vingine vina X, yaani kumi, mwishoni. Aliyeziba bila kuongeza herufi ni Mholanzi Jacobus Verhoeff, mwaka 1969, na hakutumia kujumlisha. Alitumia pembetano.

Kata pembetano kwenye boksi la sabuni, uandike namba kwenye kila pembe. Unaweza kuizungusha kwa njia tano (kuiacha ilivyo ni mojawapo), na kuipindua kwa njia tano. Vitendo kumi, tarakimu kumi. Ukifanya kimoja kisha kingine unapata kitendo cha humo humo, na kila kimoja kina cha kukitengua: hilo ndilo kundi. Sasa izungushe mara moja kisha uipindue. Halafu anza upya, uipindue kwanza ndipo uizungushe. Hufiki mahali pamoja. Katika kujumlisha, tatu na tano ni sawa na tano na tatu, kwa hiyo anayegeuza anajificha kirahisi. Kwenye pembetano mpangilio unaacha alama. Verhoeff aliongeza uchanganyaji wa tarakimu kulingana na nafasi zake, akakamata kila kosa la tarakimu moja na kila mgeuko wa jirani kwa jirani, 09 ikiwemo. Ningekuwa na uwezo, kila mwanafunzi angegusa boksi hilo kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza wa kitabu cha makundi. Mimi nilisoma ufafanuzi kwa miezi minne bila kushika chochote mkononi.

Hapo nikalewa sifa. Kama kundi dogo la vitendo kumi linafanya kazi hiyo, kundi kubwa litashindwa nini? Nikabuni mfumo wa siri. Nikachukua vitu 97 na kuvipanga katika mizunguko minane yenye urefu wa 16, 9, 5, 7, 11, 13, 17 na 19. Kila hatua, kila kitu kinasogea nafasi moja katika mzunguko wake. Ili vyote virudi mahali pake kwa pamoja unahitaji hatua 232,792,560, ambacho ni kigawe kidogo cha shirika cha urefu wote huo. Siri yangu ni idadi ya hatua. Ninachotangaza ni mpangilio wa mwisho. Nikaandika kurasa ishirini, na neno "salama" lilikuwa kwenye karibu kila ukurasa.

Msimamizi wangu alisoma kurasa mbili, akasukuma kikombe cha chai pembeni. "Kijana, chukua mizunguko mitatu tu, ya 5, 7 na 9. Chagua siri yako, usiniambie. Niambie kila mzunguko umeishia wapi."

Nikamwambia: nafasi ya 3, ya 4 na ya 2. Akaandika penseli kidogo. "263."

Ndiyo ilikuwa 263. Hakuhesabu hatua 315 za mfumo ule mdogo. Alitafuta namba inayobakiza 3 kwa tano, 4 kwa saba na 2 kwa tisa. Mfumo wangu wa mamia ya mamilioni ulikuwa vifuli vidogo vinane vilivyoning'inizwa kwenye komeo moja, na kila kimoja kinafunguliwa peke yake. Baadaye nikajua kwamba Pohlig na Hellman walichapisha wazo hilo mwaka 1978, kwa makundi yanayotumika kweli: idadi ya vitendo ikigawanyika kwa namba tasa ndogo ndogo, siri nayo inagawanyika. Kwa hiyo ukimsikia mtu anajisifia ukubwa wa kundi lake, muulize kwanza linagawanyika kwa ngapi.

Kosa langu la pili lilikuwa la ndani zaidi. Tarakimu ya ukaguzi inapigana na bahati mbaya: kidole kimeteleza, redio imekoroma. Haipigani na mtu. Anayeghushi IMEI anakokotoa tarakimu ya mwisho kama kiwanda kinavyofanya. Msimbo wa Golay wa 1949 ulisaidia vyombo vya anga vya Voyager kutuletea picha za rangi za Jupita na Zohali, ukisahihisha makosa matatu katika kila biti 24, na nyuma yake kuna kundi la Mathieu lenye vitendo 244,823,040. Uzuri huo wote haukuwekwa kumzuia mwizi, kwa sababu kule hakuna mwizi. Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako adui wako ni nani, kelele au binadamu. Wengi hawaandiki.

Adui akiwa binadamu, huenda ndiye aliyekuuzia kufuli. Mwaka 2006 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa kiwango kilichokuwa na mashine ya namba nasibu iitwayo Dual EC DRBG. Ilitegemea nukta mbili za kwenye mkunjo wa kihisabati ambazo chimbuko lake halikuelezwa. Mwaka uliofuata Dan Shumow na Niels Ferguson walionyesha kwamba aliyezichagua angeweza kubaki na ufunguo wa mlango wa uani, akabashiri namba zijazo. Iliondolewa 2014. Na hata bila hila, hesabu yenyewe huanguka: mfumo wa siri uitwao SIKE ulifika mbali katika mashindano ya hao hao NIST ya kutafuta mifumo mipya, na mwaka 2022 Castryck na Decru wakauvunja kwa takriban saa moja, kwa kiini kimoja cha kompyuta.

Ndiyo maana namheshimu McEliece. Mwaka 1978 alichukua misimbo ya kusahihisha makosa akatia makosa makusudi kwenye ujumbe: mwenye ufunguo anayaondoa, mwingine anazama humo. Vipimo vyake vya mwanzo vilishavunjwa, vikaongezwa, lakini wazo bado limesimama, na funguo zake ni kubwa za kuchosha. Kwangu, miaka ya kushambuliwa hadharani ina uzito kuliko urembo wa kundi.

Vifaa si kisingizio. Programu ya GAP, ya kukokotoa makundi, ni ya bure, inafanya kazi kwenye kompyuta kuukuu na haihitaji intaneti ukishaipakua. Hifadhi kazi mara kwa mara, umeme unaujua. Tatizo ni kupata mtu wa kukuvunjia. Sisi tuko wanne, tunakutana Kikoni Jumamosi, na sharti ni moja: anayeleta mfumo hanyanyui kalamu. Anakaa, anajibu maswali tu, wengine watatu wanauchana. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu. Ulidumu dakika arobaini.