Sasa saa ndiyo inayokwambia ule: maswali yenu baada ya upasuaji wa tumbo

Tangu nilipoandika juu ya mdogo wangu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, ujumbe haukatiki. Wengi mmefanyiwa mbali, mkarudi huku Nyanda za Juu Kusini, na sasa mnakaa mbele ya sahani bila hamu yoyote. Naanza na ujumbe ambao haukuweza kusubiri zamu yake.

Shikamoo mama. Mke wangu alifanyiwa upasuaji wiki sita zilizopita. Hii ni wiki ya tatu anatapika, hata maji hayakai. Tangu juzi anayumba akitembea na anaona vitu viwili viwili. Nimeambiwa nimnunulie glukosi. (Njombe)

Marahaba. Ndugu huyu nilimpigia simu saa ileile, na mkewe yuko wodini. Jibu naliweka hapa kwa ajili ya mwingine.

Kutapika mfululizo baada ya upasuaji huu kunamaliza vitamini B1 mwilini, kwa kuwa akiba yake ni ya wiki mbili tatu tu. Ikiisha, ubongo unaumia: mgonjwa anayumba, macho yanachezacheza, anaanza kuchanganyikiwa. Hapo ni hospitali, leo, hata kama ni usiku. Ukifika usiseme tu "anatapika". Sema: "Alipunguzwa tumbo, anatapika wiki tatu, naomba mfikirie vitamini B1." Dripu ya sukari ikitangulia bila B1 inaweza kumzidishia madhara, kwa hiyo B1 inatakiwa iingie kwanza, au angalau pamoja nayo, tena kwa sindano. Sitaki kumtisha mtu. Lakini hili likichelewa, kumbukumbu zinaweza kupotea zisirudi, ilhali tiba yake ni dawa ya kawaida kabisa.

Dada, nina miaka 42, wiki ya tisa tangu nikatwe. Sisikii njaa kabisa. Jana nimekumbuka kula saa kumi jioni. Nikila vijiko vitatu vya mtori, basi. Je, kuna kitu kimeharibika? (Uyole)

Hakuna kilichoharibika, ndugu yangu. Katika upasuaji wa aina yako mfuko wa chakula hupunguzwa kama robo tatu hadi asilimia 80, na kinachobaki ni chembamba kama ndizi. Ile sehemu ya juu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikitoa kwa wingi homoni ya njaa, grelini. Kwa hiyo usingoje njaa ikuite. Kwa miezi hii haiwezi kukuita hata mwili ukiwa unahitaji chakula.

Mdogo wangu alitegesha simu ilie mara sita kwa siku. Ikilia, anachukua kisahani cha kikombe na kijiko cha chai. Yai moja la kuchemsha analikata vipande vidogo, anatafuna mpaka kinakuwa uji mdomoni, anaweka kijiko chini kabla ya kuchukua kingine. Dakika 20 yai moja! Mara ya kwanza kumwona nilitoka nje nikalia, maana huyu ndiye aliyekuwa akimaliza sahani ya wali na kuongeza. Leo anamaliza kisahani chake na kwenda kazini.

Mtori wako nina neno nao. Ni laini na unapita, lakini ni ndizi, yaani wanga. Nafasi ni ndogo, basi ianze protini: yai, samaki, maharage ya kuponda. Mtori ufuate kama pamebaki pa kuuweka.

Na maji usiyachanganye na chakula. Kunywa kidogokidogo siku nzima, angalau lita moja na nusu, ila acha nusu saa baada ya kula. Baridi ya Uyole inakatisha tamaa ya maji, najua. Kunywa ya uvuguvugu, au chai ya tangawizi isiyo na sukari. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, bado hujanywa vya kutosha.

Mama, naishi kwa wakwe Tukuyu. Mama mkwe anapakua ndizi na maharage sahani imejaa, nikiacha anasema nimedharau chakula chake. Juzi nilijilazimisha, nikatapikia nyuma ya nyumba. (Tukuyu)

Pole sana mwanangu. Hili limenigusa kuliko yote, kwa sababu mama huyo hana ubaya. Kwetu mtu akikupakulia amekupenda, na sahani iliyorudi na chakula inasomwa kama neno la matusi. Kumpuuza hutaweza, na kujilazimisha ni hatari, kwani mfuko bado mchanga.

Mwombe mumeo azungumze naye kwanza, faragha, siyo mezani. Amweleze kwamba daktari alikata tumbo na hiki ndicho kipimo alichotoa. Neno "daktari" linabeba uzito ambao "sitaki" haliwezi. Kisha ingia jikoni wewe mwenyewe kabla ya kupakua, umsaidie, na ujipakulie kisahani chako mbele yake: maharage yaliyopondwa vizuri, ndizi kipande. Kula karibu naye polepole, na ukimaliza sema *ndaga fijo*, asante sana ya Kinyakyusa, kwa moyo. Akikuona umekula cha mkono wake, hata vijiko vitano, sidhani kama ataendelea kuhesabu vilivyobaki. Msibani nako keti karibu na mtu anayejua hali yako, sahani yako amalizie yeye.

Harufu ya nyama inanichefua tangu upasuaji. Nitapata wapi protini? (Mafinga)

Hili huwapata wengi, na kwa kawaida hupungua. Lengo linalotajwa sana ni gramu 60 au zaidi kwa siku. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa au mtindi kama 8, nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kama 7. Nyama ya kusaga yenye mchuzi hupita kuliko vipande, na chakula kilichopoa hakina harufu kali. Jaribu pia usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huku Mbeya tunaupata sokoni: safisha, kaanga bila mafuta, saga unga, koroga kijiko kwenye uji wa ulezi. Parachichi ni zuri ila lina mafuta mengi kuliko protini, kipande kidogo kinatosha. Mtindi uwe usio na sukari. Sukari nyingi kwa mara moja huleta moyo kwenda mbio, jasho na kuharisha, hasa kwa waliofanyiwa upasuaji wa aina nyingine, ule wa kuunganisha mfuko wa chakula na utumbo.

Ulanzi naruhusiwa? Mgongo nao unaniuma. (Iringa)

Mwaka huu wa kwanza, hapana. Pombe sasa itakupanda haraka na kwa kiasi kidogo. Na kwa kuwa ulitaja mgongo, usinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani bila kumwuliza daktari wako. Zinaweza kukutia vidonda. Paracetamol ni salama zaidi.

Sina hamu ya kula, wala ya kwaya, wala ya kuongea na watoto. Nywele zinanyonyoka. Nimepungua kilo 31 na kila mtu ananipongeza. (Iringa mjini)

Nywele kunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya upasuaji ni kawaida, na huota tena ukila protini na ukimeza vidonge vyako vya vitamini na madini, ambavyo ni vya maisha yote. Lakini kukosa hamu ya watoto na kwaya si mambo ya tumbo. Hiyo inaweza kuwa sonona, na inatibika. Mwambie daktari maneno hayohayo uliyoniandikia, usiyapunguze kwa sababu watu wanakupongeza. Ukianza kuwaza kujidhuru, usilale peke yako usiku huo. Mwamshe mtu.

Mwezi wa kumi sasa tangu upasuaji, njaa imerudi. Naogopa nimeharibu kazi. (Mbarali)

Hujaharibu. Kwa wengi hamu hurudi kidogokidogo kati ya miezi sita na mwaka, na mfuko wako bado ni mdogo. Endelea na kisahani kilekile, protini kwanza, wali wa Mbarali mwisho, vijiko viwili vitatu. Na kliniki nenda, hata kama unajisikia mzima, wapime damu, B12 na madini ya chuma.