Mwanagenzi Mwenye Miaka 43

Kwa miaka 16 nilikaa dirishani benki nikihesabu fedha za watu, na foleni niliyoilalamikia kila mwisho wa mwezi ndiyo iliyokuwa ikinilisha. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 tuliiona kama njia ya kutumiana nauli tu. Mawakala wakaenea kila mtaa, foleni ikapungua mwaka hadi mwaka, na hatimaye dirisha langu likafungwa pamoja nami.

Nilikuwa na miaka 43. Nilichagua ushonaji kwa sababu cherehani ya marehemu mama ilikuwa bado nyumbani, na pia kwa sababu niliamini, kwa ujinga wangu, kwamba ni kazi nyepesi. Fundi aliyenipokea Kariakoo alikuwa na miaka 26. Nilimwita fundi, naye akaniita mzee, na kwa wiki mbili heshima hiyo ilituzuia sote wawili: yeye aliona haya kunituma uzi, nami niliona haya kumuuliza namna ya kuweka bobini. Ukiingia katika kazi mpya chini ya mtu mdogo kwako kwa umri, usisubiri haya hiyo iishe yenyewe. Mafunzo yangu yalianza siku nilipomwambia mbele ya wenzake kwamba pale kibandani mimi ni mwanagenzi, na anitume kama anavyowatuma wengine.

Jiandae pia kuharibu. Nilikata kitenge cha mteja bila kuangalia maua yanaelekea wapi, na ndege waliotakiwa kuruka kifuani wakatokea miguu juu. Nilikilipa kwa fedha zangu, nikakifumua, nikashona foronya ambazo tunazilalia mpaka leo. Tangu hapo sishiki mkasi kabla ya kukitandaza kitambaa chote mezani, jambo ambalo fundi alikuwa amenieleza zaidi ya mara tatu.

Kuhusu fedha sina mengi. NSSF ina fao la kukosa ajira kwa anayetimiza masharti, lakini hulipwa kwa miezi michache, ilhali mkono wangu ulihitaji karibu mwaka mzima kabla ya kushona kola inayokaa vizuri. Pigia hesabu mwaka, wala si miezi.

Nilidhani kwamba ujuzi wa benki ungenifaa katika hesabu, kumbe fundi alikuwa na hesabu zake zote kichwani, na hazikuwa zikikosea. Kilichonifaa ni mazoea ya kutoondoka kazini kabla hesabu ya siku haijafunga. Nilinunua daftari, nikawa naandika vipimo, kianzio na siku ya kuchukua nguo, na siku ikijaa namwambia mteja papo hapo kwamba haitawezekana, badala ya kumwambia aje kesho kila kesho. Mwanzoni fundi alihofia kwamba nitamfukuzia wateja. Sasa, msimu wa Idi unapokaribia na watu wakamzonga wakitaka ahadi, huwajibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani: "Muulizeni mzee, daftari liko kwake."