"Crack down on": je, magari yatavunjwa?

SWALI: Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni karani wa sacco ya matatu hapa Umoja, Nairobi. Tumeletewa ilani ya Kiingereza kwamba polisi "will crack down on" magari yasiyo na vidhibiti mwendo. Dereva mmoja anasema magari yatavunjwa. Mwenyekiti naye anasema ni sheria mpya inakuja, tungoje. Ni yupi amesema kweli?

JIBU: Hakuna, na naomba umwambie mwenyekiti leo hii asingoje. "Crack" peke yake ni kupasuka, au mlio wa kitu kikipasuka. Lakini likiandamana na "down on" huiacha maana hiyo, yote yakawa kitenzi kimoja: kuanza kuchukua hatua kali dhidi ya jambo, mara nyingi lililokuwa likiachiliwa. Sheria huwa ipo tayari. Kinachobadilika ni mkono wa anayeisimamia.

Nyinyi mnalijua hili kuliko mimi. Kanuni za matatu za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilianza kutekelezwa Februari 2004: mikanda, mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni. Usimamizi ukalegea. Kisha siku polisi wakijipanga barabarani, utasikia abiria wakisema sheria za Michuki zimerudi. Hazikuwa zimeenda popote. Huko "kurudi" ndiko "crack down".

Usiiangushe "on"; "police crack down matatus" ni kosa. Baada yake taja kosa, "crack down on speeding", au watu, "crack down on speeding drivers". Ikiwa nomino, andika neno moja: "a crackdown".

Kwa Kiswahili, magazeti yameizoea "msako". Linafaa pale polisi wanapotafuta kitu, kama chang'aa au magari mabovu. Wakwepaji kodi wanaobanwa kwa barua na faini hawajafanyiwa msako. Wamechukuliwa hatua kali, au wamekaziwa kamba. Na ukikuta "crackdown on protesters", tafadhali, usiandike msako kamwe. Waandamanaji hawakuwa wamejificha, walikuwa barabarani mchana. Neno hilo linawageuza wahalifu kabla ya mahakama kusema lolote. Hapo andika "kuwakandamiza", maana ndilo Kiingereza kinalosema.

Ilani yenu basi ibandikeni hivi: "Polisi watachukua hatua kali dhidi ya magari yasiyo na vidhibiti mwendo."