Asome, na aanzie vichochoroni

Swali lenu la wiki hii ni hili: kijana aliyefaulu kidato cha sita ana sababu gani ya kwenda chuo kikuu kusomea mipango miji, ilhali miji yetu inajengwa na wananchi wenyewe bila kumngoja mtaalamu? Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, niko kwenye urasimishaji wa makazi hapa Dar es Salaam, yaani kupima na kutambua kisheria nyumba zilizokwisha kujengwa bila mpango, na jibu langu ni kwamba asome. Tena asome kwa sababu hiyohiyo mliyoitaja.

Mji unaojengwa na wananchi haujengwi ovyo kama wengi wanavyodhani. Dalali anamleta mnunuzi, shamba linakatwa kwa futi kamba au kwa hatua za miguu, majirani wa pande zote wanaitwa kushuhudia, minyaa inaoteshwa mpakani, kisha karatasi ya mauziano inagongwa muhuri kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Utaratibu upo na unaheshimiwa. Kasoro yake ni kwamba kila aliyekuja pale amefuata kipande chake tu, na barabara si kipande cha mtu. Mwenye shamba anaacha njia ya kupita mtu na baiskeli, na akifika kwenye kuuza kipande cha mwisho, hata hiyo anaibana.

Matokeo yake nenda ukayaone wakati wa masika, Tandale au Vingunguti. Gari la kunyonya majitaka halifiki nyumba za ndani, kwa hiyo mvua kubwa ikianza watu wanatapisha vyoo. Linazibuliwa tundu ubavuni mwa shimo, kinyesi kinaondoka na maji, kinapita mlangoni kwa jirani hadi mtoni. Kipindupindu kikilipuka, wenye nyumba ndio wanaoitwa wachafu. Lakini aliyebomoa ubavu wa shimo usiku wa mvua alikuwa na njia gani nyingine? Upana wa kile kichochoro uliamuliwa siku shamba lilipokatwa, pengine kabla yeye hajazaliwa. Kulifuata jambo kutoka chooni hadi kwenye karatasi ya mauziano, hilo ndilo lililonishika nilipokuwa mwanafunzi, na hadi leo sijalichoka.

Tuna mfano mzuri wa kulinganisha hapahapa mjini. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kuvuta maji, ujenzi wa nyumba ukaachiwa wananchi. Leo Sinza imejaa maghorofa, baa na maduka ambayo hakuna mchoro uliyatarajia, lakini ukiugua usiku gari linafika mlangoni. Serikali haikumjengea mtu sebule. Ilitenga ile ardhi iliyo kati ya nyumba na nyumba, basi, na watu wakafanya mengine yote.

Mwanafunzi ajue pia kwamba mpango unaweza kutumika kuumiza watu. Viwanja vya Mnazi Mmoja havikuachwa wazi ili watu wapumzike. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi: Wazungu karibu na bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na uwazi ule ukawekwa kuwatenga Waafrika na wengine kwa kisingizio cha afya. Mchoro ule uliitwa utaalamu. Ndiyo maana sipendi kuona mwanafunzi anamaliza muhula mzima studio akipaka rangi ramani ya mtaa ambao hajaukanyaga. Kazi ya Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam ulioanza mwaka 2015, ilinipa moyo kwa sababu iliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu nje, wakaingia kata zinazofurika wakiwa pamoja na wakazi, wakachora njia, nyumba na mifereji. Mkazi ndiye anayejua maji yalifika wapi kwenye ukuta. Anakuonyesha kwa kidole.

Na kazi yenyewe ndiyo hiyo hadi ustaafu. Kwenye urasimishaji mmoja tulihitaji kila nyumba itoe mita moja ili njia ipanuke. Nilikaa kwenye mkeka uani kwa bibi mmoja nikamweleza vizuri, hatua kwa hatua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Mwanangu, mimi nikisogeza ukuta, na huyu wa ng'ambo naye atasogeza?" Sikuwa na haki ya kumjibu peke yangu. Tulimwita wa ng'ambo, tukawaita na wa mbele yake, kikao kikahamia ofisi ya mtaa, na vikao vikaendelea kwa wiki kadhaa. Njia ilipatikana, ingawa nyembamba kuliko ya kwenye mchoro. Bila chuo nisingejua njia ile inahitaji upana gani na maji yake yaelekee wapi. Kuwakalisha majirani, hilo walinifundisha wenyeviti wa mitaa.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Hilo ongezeko la zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi, sehemu kubwa limekwenda pembezoni, Chanika, Kivule, Chamazi, Goba, ambako shamba lilikuwa linakatwa wakati sisi tunabishana kuhusu mitaa ya zamani kama Manzese. Kwa hiyo nikimshauri kijana wa jiografia na hisabati anayetaka kozi hii, namwambia asiitazame Dar peke yake. Tunduma, Kahama na Geita zinakua kwa kasi, na kule bado yapo mashamba ambayo barabara ikichorwa leo haitagusa nyumba ya mtu. Mhitimu akipangiwa huko asidhani ametupwa. Awahi, kwa sababu dalali naye yuko njiani.