Swali: Tumeangalia tamthilia ya mizimu, sasa mtoto anamuita bibi yake mchawi. Nimetenda dhambi?

SWALI: Shikamoo mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Niko Uyole hapa Mbeya. Mi na mume wangu tumenogewa na tamthilia moja ya Kizungu iliyotafsiriwa, ni kamji kadogo watu wanapotea usiku afu kuna kitu kinawaingia wengine, hujui nani bado mtu na nani sio, na kila episodi wanakatia pale patamu basi tunajikuta mpaka saa nane usiku. Kumbe mtoto wetu wa miaka saba alikuwa anachungulia mlangoni. Sasa hataki kulala chumba kimoja na bibi yake mzaa baba, aliyekuja kutibiwa kutoka Rungwe, anasema bibi ana macho mekundu na usiku anaongea peke yake, ni mchawi. Mama mkwe kasikia, analia tu. Mama mmoja wa maombi kaniambia nimeingiza mapepo ndani, nichome flashi ya muvi. Nauliza, kuangalia ni dhambi?

JIBU: Marahaba mwanangu, asifiwe sana.

Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kupiga bao, kuloga, kuwaomba wafu, yani kufanya hayo mambo au kumwendea anayeyafanya. Kukaa kwenye kochi ukaangalia waigizaji wa Kizungu wakipiga kelele msituni sio kumwendea mganga, na mi siamini kwamba pepo anaingia nyumbani kwa waya wa king'amuzi. Tena Biblia yenyewe haiogopi stori ya kutisha. Soma 1 Samweli 28 usiku ukiwa peke yako uone: mfalme kavaa nguo za kujificha, kaenda gizani na watu wawili kwa mwanamke wa Endori mwenye pepo wa utambuzi, yule mama anamuona mzee Samweli, nabii aliyekwisha kufa, anapanda kutoka chini anapiga ukelele, na mzee anamwambia Sauli kesho wewe na wanao mtakuwa pamoja nami. Kama kutisha kwenyewe kungekuwa dhambi, hiyo sura isingekuwepo.

Ila usifurahi haraka, sijamaliza na Sauli.

Huyu mtu hakuanzia Endori. Kabla ya hapo ni yeye mwenyewe alikuwa amewafukuza waaguzi nchini, safi kabisa kidini. Kilichomuanzisha ni jicho la kushuku. Wanawake waliimba Daudi kaua makumi elfu, tangu siku ile akawa anamtazama Daudi vibaya, akamrushia mkuki ndani kwake mwenyewe, sura ya 22 anawaambia watumishi wake ninyi nyote mmenifanyia njama, na kwa shuku hiyohiyo akaagiza makuhani 85 wa Nobu wauawe, watu wa Mungu wamevaa naivera zao, yani mavazi ya kikuhani. Yani mwendo wa kwenda kwa mganga ulianza siku alipoacha kumuamini mtu wa nyumbani mwake.

Na hizo tamthilia zinaishi kwa hicho hicho. Aliyeitengeneza anataka umshuku kila mtu, mwalimu, polisi, jirani mpole, hasa jirani mpole, ukishamuamini mmoja tu utamu umekwisha na wewe unazima tv unalala. Mtu mzima anajua mchezo ukiisha umeisha, lakini mtoto wa miaka saba kachungulia vipande vipande mlangoni, hajui stori imeanzia wapi, amebaki na kitu kimoja tu: kwenye nyumba kuna mtu sio mtu. Akatazama ndani kwenu nani mgeni, nani anaamka usiku, akampata bibi. Mtoto hana kosa hapo.

Ingekuwa ni Ulaya huko ningesema atasahau. Kwetu nyanda za juu kusini sisemi hivyo. Mwanzoni mwa 2019 hapo Njombe watoto wadogo waliuawa na kukatwa viungo, na kilichotajwa ni ushirikina wa kutafuta utajiri, wazazi wakawa wanawasindikiza watoto shule kwa hofu. Na nchi hii, kanda ya ziwa hasa, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho ambayo ni moshi wa kuni wa miaka yote ya kutupikia sisi. Kwa hiyo neno mchawi likitoka kwenye mdomo wa mtoto, jirani akilisikia dukani, halichekeshi. Amri ya usimshuhudie jirani yako uongo inakaa hapa kabisa. Kosa lako ninaloliona ni kwamba neno limesemwa, mama analia, na wewe unaniuliza habari ya flashi.

Leo hii nenda wewe na mumeo mkapige magoti mbele ya mama, mtoto awepo, muombeni radhi kwa kosa la nyumba. Afu muulize mama usiku anaongea nini. Mi nahisi anasali kwa Kinyakyusa, huko Rungwe Wamoraviani wameingia tangu 1891 na wazee wao wengi wana tabia ya kusali gizani kabla jogoo hajawika. Akikubali, mtoto akae naye asikilize, afundishwe japo sala moja kwa lugha ya bibi. Na macho yapelekwe kwa daktari si yuko mjini tayari kwa matibabu.

Mambo mengine ni mafupi. Saa nane usiku ni nyingi mno, unaamka umevimba macho na sala ya asubuhi imepotea, angalieni ijumaa moja moja mtoto akishalala na mlango umefungwa. Ukiona wewe mwenyewe umeanza kuogopa kwenda chooni au kumshuku mtu, zima, Warumi 14 inasema lisilotoka katika imani ni dhambi, hata kama kwa mwenzako ni burudani tu.

Flashi usichome. Kama ni ya yule kijana anayewawekea muvi mjini mrudishie, ni mali yake, na kama ni yako ifute uweke kwaya.