Je, kila uwazi ndani ya jiwe ni tundu?

Swali limetoka Tanga, kwa mwanafunzi wa jiolojia: "Shikamoo mwalimu. Naandika ripoti kuhusu miamba ya chokaa inayobeba mafuta. Nimeandika: 'Mwamba huu una matundu mengi, hivyo una akiba kubwa ya mafuta.' Mwenzangu anataka niseme 'vinyweleo'. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Vinyweleo tuviache kwenye ngozi. "Matundu" ni Kiswahili safi, ila umeyabebesha mzigo usio wao.

Kwa jumla sema "uwazi": mwamba wenye uwazi wa asilimia 20. Kisha utaje aina. Nafasi iliyobaki kati ya chembe na chembe ni mwanya, kama ule wa meno. Pale kombe (gamba la kiumbe wa baharini) lilipoyeyuka likaacha umbo lake, hapo pana tundu. Jiwe likipasuka, ni ufa, wingi nyufa. Maji yakilila jiwe hadi mtu akaingia, ni pango, na Amboni hapo kwenu panatosha kwa ushahidi. Wanajiolojia Choquette na Pray walizipanga aina hizi kwa marefu mwaka 1970, na sehemu kubwa ya orodha yao inasemeka kwa maneno tuliyo nayo.

Nasisitiza kwa sababu neno hapa linabadilisha hesabu. Kanuni ya Archie ya mwaka 1942 hutumia umeme kukadiria maji yaliyomo mwambani, na ndani yake uwazi hupandishwa kwa kipeo, yaani huzidishwa kwa wenyewe: kipeo 2 ni mara mbili, 3 ni mara tatu. Kwa mianya ya kati ya chembe, kipeo huwa karibu na 2. Kwa matundu yaliyotengana, kinaweza kufika 3 au kupita. Chukua mwamba wako wa asilimia 20. Ukitumia 2 ukapata maji asilimia 30, mafuta ni 70. Weka 3, kipimo cha umeme kikiwa kilekile: maji yanapanda hadi 67, mafuta yanabaki 33. Aliyeandika "matundu" akimaanisha mianya, au kinyume chake, amempotosha mkokotoaji vibaya sana. Nyufa nazo hushusha kipeo kuelekea 1.

Tena tundu laweza kuwa kubwa na mafuta yasitoke, kwa kukosa upenyo wa kuliunganisha na jirani yake. Neno hilo, upenyo, lishike sana. Ripoti yako haina budi kuwa nalo.

Kuhusu "akiba": ni yale tu yanayoweza kutolewa kwa faida. Mengine ni "mafuta yaliyomo".

(Mafuta ya Uganda, yale ya bomba la kuja Chongoleani, Tanga, yamo kwenye miamba ya mchanga, usiyatolee mfano wa chokaa.)

Sentensi yako basi iwe hivi: "Mwamba huu wa chokaa una uwazi wa asilimia 20, mwingi wake ukiwa matundu ya makombe yaliyotengana, nyufa ni chache, kwa hiyo akiba ni ndogo kuliko mafuta yaliyomo."