Salem: Maswali Yenu Kabla ya Safari

*Nitakuwa Boston kikazi. Je, naweza kwenda Salem, ule mji wa bandari wa jirani, na kurudi siku hiyohiyo?*

Unaweza, tena bila haraka. Panda treni North Station, na baada ya nusu saa hivi umefika. Usikodi gari: mitaa ya zamani ni myembamba na pa kuegesha ni taabu. Mengi ya kuona yanafikika kwa miguu.

*Oktoba je?*

Labda kama unapenda umati. Mwezi huo mji mzima husherehekea Halloween, sikukuu ya watu kujivika kama mizimu na wachawi. Mimi ningechagua Juni au mapema Septemba.

*Mimi ni mtu wa Unguja. Ni kweli mji huo una uhusiano na kwetu?*

Ni kweli, na wageni wengi huondoka bila kuujua. Katika karne ya 19 merikebu za Salem zilikuwa zikitia nanga Unguja mara kwa mara. Zilileta merikani, kile kitambaa cha pamba kilichofumwa kwenye viwanda vya huko na kuvaliwa pwani hadi bara, zikarudi na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Mwaka 1833 Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, akafika Unguja kama konseli wa kwanza wa nchi yake. Kumbuka pia kwamba karafuu hizo zilichumwa na watumwa.

Kwa hiyo anzia Derby Wharf, gati lao la zamani, uone na jengo la forodha la 1819. Kisha nenda makumbusho ya Peabody Essex, yaliyotokana na chama cha mabaharia kilichoundwa mwaka 1799. Aliyeruhusiwa kujiunga ni yule aliyekwisha kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, au Rasi ya Horn, kusini mwa Amerika. Pape muda wa kutosha.

*Wale wachawi walichomwa moto?*

Hapana, wala hawakuwa wachawi. Mwaka 1692 watu 19 walioshtakiwa kwa uchawi walinyongwa, na mzee Giles Corey aliyekataa kujibu mashtaka akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Walisingiziwa, na mahakama ikakubali hata ushahidi wa mizuka, yaani madai kwamba mzuka wa mshtakiwa ulimtokea mtu na kumtesa. Kando ya makaburi ya mtaa wa Charter kuna ukumbusho wao: mabenchi ya mawe yaliyotokeza ukutani, kila moja na jina lake. Keti, usome. Sisi tunaotoka mahali ambapo vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizohizo tuna sababu zaidi ya kunyamaza pale. Tafadhali, si mahali pa kupiga picha za mzaha na kofia za kichawi.

*Nina watoto wawili. Watachoka?*

Wapeleke nyumba ya Seven Gables, ya mwaka 1668. Ina ngazi ya siri, nyembamba kwelikweli, na bustani inayotazama bahari. Wavishe viatu vya kutembelea.